Mzigo wa Ugonjwa, Nani Aubebe?

Wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu asiyebeba kitu huutazama mzigo ulio kichwani pa mwingine, akauona mwepesi kama usufi. Juma hili twataka kuongea na akina baba na akina mama juu ya mzigo ambao kila nyumba yaujua, nao ni gharama ya ugonjwa. Katika nchi yetu ya Kongo, na katika nchi za majirani, serikali zatunga sheria mpya juu ya bima ya afya. Watu wazisikia habari hizo redioni, kisha wauliza: Je, tangu sasa matibabu yatakuwa bure? Wafanyakazi wauliza: Mshahara wetu utakatwa? Matajiri nao wauliza: Tutalipa mara mbili? Maswali hayo ni ya haki, nayo yafaa kujibiwa bila haraka.

Tuseme neno la kwanza waziwazi. Hakuna sheria iwezayo kuufanya ugonjwa usiwe na bei. Dawa hununuliwa, mganga na wauguzi wataka mshahara, chumba cha kupasulia chahitaji maji na umeme. Fedha hizo lazima zitoke mfukoni mwa mtu fulani. Kazi ya sheria ni kusema nani azitoe, na azitoe lini: kabla ya ugonjwa, au siku ile ile mtoto alipo mikononi mwa mama, homa imempanda, na sanduku la nyumbani li tupu. Basi tukisikia kwamba sheria imebadilika, tusiulize tu, «Ni bure?» Tuulize, «Mzigo umetoka kichwani pa nani, nao umewekwa kichwani pa nani?»

Katika Kongo mzigo huu uliwekwa zamani juu ya tajiri, maana yake bwana wa kazi. Makampuni makubwa ya wakati wa ukoloni yalijenga hospitali zao wenyewe. Kule Katanga, Union Minière ilikuwa na hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi, na mke na watoto wa mfanyakazi walitibiwa humo. Desturi hiyo haikufa baada ya mwaka 1960. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 bado yamlazimisha tajiri kumpa mfanyakazi wake, pamoja na jamaa yake, matibabu ya ugonjwa na ya uzazi: mganga, dawa, kulala hospitalini, kupasuliwa, hata gharama ya safari kwa mgonjwa asiyeweza kwenda mwenyewe. Wajibu huo wadumu mpaka mwisho wa mapatano ya kazi.

Mtu akisoma sheria hiyo atasema, «Hii ni sheria njema.» Ndiyo, ni njema. Lakini tuitazame pande zote mbili.

Tutazame kwanza upande wa tajiri. Tuseme mtu ana duka la mbao na wafanyakazi 20, na kila mmoja ana watu sita nyumbani. Watu 120 wamtazamia yeye wanapougua. Mwaka mmoja labda atalipa vidonge vya malaria tu. Mwaka mwingine akina mama watatu watapasuliwa wakati wa kuzaa, na mtoto mmoja atavunjika mguu, na faida yote ya duka itakwisha. Kampuni kubwa yaweza kuyavumilia hayo, kwa kuwa yagawanya hasara katika maelfu ya watu. Duka dogo halina hao maelfu. Tena tajiri ana malipo mengine: kwa mfuko wa taifa wa pensheni na posho za watoto atoa franka 13 juu ya kila franka 100 za mshahara, na mfanyakazi atoa 5, na mfuko huo hauponyi ugonjwa wa kawaida. Basi matajiri wengine hutafuta mlango wa nyuma. Mtu hufanya kazi mwaka mzima, lakini huandikwa kama kibarua wa siku moja moja, ili jamaa yake isihesabiwe. Mwingine huogopa kumwajiri mwenye watoto wengi. Hivyo sheria iliyotungwa kuilinda jamaa yaweza kuifungia jamaa mlango wa kazi. Hatusemi hayo ili kuwatetea wenye hila. Atakaye jasho la mtu hana ruhusa ya kukimbia homa yake. Lakini mzigo ukimwelemea mtu mmoja, atatafuta mahali pa kuutupa, na mara nyingi utaanguka juu ya mnyonge.

Sasa tutazame upande wa mfanyakazi. Matibabu yatokayo kwa tajiri huishi maadamu tajiri yu hai. Watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wayajua hayo bila kuambiwa na gazeti. Gécamines, iliyorithi kazi za Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi, na hospitali zake zilipungukiwa na dawa. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliacha kazi kwa mpango wa serikali, kila mmoja akipewa fedha za mara moja. Baba aliyezoea kumpeleka mtoto hospitalini kwa kadi ya kampuni alijikuta kesho yake yu sawa na mchuuzi wa sokoni: alipe kwanza, ndipo atibiwe. Kazi, mshahara na mganga vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja. Kamba ilipokatika, vyote vilianguka pamoja.

Tena tusisahau walio wengi kabisa. Mkulima wa Walungu, mvuvi wa Ziwa Tanganyika, mama auzaye unga wa muhogo Uvira, hao hawana tajiri. Sheria ya kazi haiwahusu. Wao huubeba mzigo wote peke yao, tena siku ile mbaya. Wengi wetu tumesikia habari ya mama aliyejifungua salama, kisha akazuiliwa hospitalini pamoja na mtoto wake mchanga, majuma mawili au matatu, mpaka ndugu walipouza mbuzi au shamba ili kulipa deni. Mzigo huo si usufi.

Je, pana njia nyingine? Pana njia, nayo imekwisha kujaribiwa katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1986, katika eneo la Bwamanda, katika jimbo liitwalo leo Ubangi Kusini, hospitali pamoja na shirika la maendeleo lililotoka katika misheni walianzisha bima kwa ajili ya wanakijiji. Kila jamaa iliyotaka kujiunga ilitoa mchango mdogo kwa kila mtu mara moja kwa mwaka. Mtu aliyejiunga, akilazwa hospitalini, alilipa sehemu moja tu katika tano za gharama. Sehemu nne zililipwa na mfuko. Mwaka wa kwanza zaidi ya robo ya wakaaji walijiunga, na baadaye wakapita nusu. Watu hao hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima wa kahawa na soya.

Twataka wasomaji wetu watambue siri ya mpango ule. Mchango ulikusanywa wakati wa kuuza mavuno, ambapo kila nyumba ina fedha kidogo. Hawakumfuata mkulima katika miezi ya njaa. Tena jamaa nzima iliandikwa pamoja, wazima na wagonjwa. Hiyo ni kanuni kubwa ya bima. Kama kila mtu angengoja augue ndipo ajiunge, mfuko ungejaa wagonjwa watupu, na fedha zingekwisha kabla ya mwezi wa pili. Lakini mpango ule ulikuwa na upungufu wake pia. Waliokaa mbali na hospitali walijiunga kwa uchache kuliko waliokaa karibu, kwani kadi haifai kitu kama mgonjwa hawezi kufika mlangoni. Hapo twaona kwamba bima na barabara ni ndugu.

Sasa tuvuke Ruzizi tuwatazame majirani zetu wa Rwanda, kwa maana watu wa Bukavu na Goma husikia habari zao kila siku. Huko vyama vya kusaidiana katika ugonjwa, ambavyo wenyewe huviita mituweli, vilijaribiwa mwaka 1999 katika sehemu tatu: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Mwaka 2003 walioandikwa walikuwa kama 7 katika kila watu 100. Kisha serikali ikaweka sheria kwamba kila mkaaji awe na bima, na kufika mwaka 2012 walioandikwa walikuwa wamepita 80 katika 100. Ni badiliko kubwa kwa muda mfupi. Lakini sisi twataka kujua hesabu ya nyumbani. Tuihesabu.

Kabla ya badiliko la mwaka 2011 mkulima alitoa franka 1,000 za Rwanda kwa kila mtu kwa mwaka. Nyumba ya watu sita ilitoa 6,000. Mwaka 2011 mchango ulibadilishwa kufuata hali ya kila nyumba. Waliohesabiwa kuwa maskini kabisa walilipiwa na serikali na wafadhili, wale wa katikati walitoa 3,000 kwa kila mtu, na wenye mali 7,000. Basi nyumba ile ile ya watu sita, ikiwa ya katikati, ilitakiwa kutoa 18,000, yaani mara tatu ya kwanza. Kwa mkulima asiye na mshahara, kiasi hicho si mchezo, na nyumba nyingi zilipaswa kuunda vyama vya akiba ili kukikusanya polepole. Upande wa pili, aliyekwisha kulipa alitoa 200 tu akifika kituo cha afya, na hospitalini alitoa sehemu moja katika kumi ya gharama. Mama wa kupasuliwa alijua tangu mwanzo kwamba shamba halitauzwa.

Wenye mshahara nao walihesabiwa. Watumishi wa serikali wana bima yao tangu mwaka 2001, na baadaye makampuni yaliruhusiwa kuingia. Mchango ulikuwa 15 katika kila 100 za mshahara wa msingi, nusu kwa tajiri, nusu kwa mfanyakazi. Mtu wa mshahara wa 200,000 alikatwa 15,000, na tajiri wake aliongeza 15,000. Mwaka 2020 ikaja amri nyingine: kila mfanyakazi, wa serikali au wa kampuni, akatwe nusu franka katika kila franka 100 za mshahara umfikiao mkononi, fedha hizo ziende kuusaidia mfuko wa wanakijiji. Mtu apokeaye 160,000 alikatwa 800 kwa mwezi. Tajiri hakuongezewa mchango wa fedha hapo. Kazi yake ilikuwa kukata na kupeleka. Hivyo mwalimu wa mjini alianza kumsaidia mkulima asiyemjua. Wengine walinung'unika. Lakini mwalimu yule ana mama yake kijijini, na kabla ya hapo alikuwa akimtumia fedha za hospitali kila mara, bila kujua barua ijayo itadai kiasi gani.

Hapa twataka kusema neno moja kwa wafanyakazi, ili wasidanganyike. Mara nyingi husemwa, «Nusu yako, nusu ya tajiri,» na mtu hudhani nusu ya tajiri ni zawadi. Tajiri mwenye akili huhesabu jumla ya fedha ambazo mfanyakazi mmoja amgharimu: mshahara, posho, michango yote. Mchango ukipanda, huenda nyongeza ya mshahara ikachelewa mwaka unaofuata. Basi kwa sehemu fedha za nusu ile ni jasho la mfanyakazi pia. Kwa sababu hiyo ana haki ya kuuliza mfuko unatumikaje, naye asiogope kuuliza. Asiyechanga huomba, lakini aliyechanga hudai hesabu.

Turudi kwetu. Tarehe 8 Februari 2017 Kongo ilipata sheria ya vyama vya kusaidiana, ili vyama hivyo viandikwe na kuangaliwa. Waalimu wana chama chao tangu mwaka 2011. Mwezi wa Septemba 2023 Rais Félix Tshisekedi alizindua mjini Kinshasa mpango wa uzazi bila malipo, na baadaye majimbo mengine yakaingizwa. Katika mpango huo serikali yajitwika mzigo wa uzazi, ili mama asizuiliwe tena kwa deni. Twafurahi kabisa. Lakini tukumbuke neno letu la kwanza: bure kwa mama si bure kwa hospitali. Ikiwa fedha za serikali zachelewa kufika, hospitali itanunua kwa nini glovu, uzi na dawa ya usingizi? Siku hiyo muuguzi atamwambia mama kwa sauti ya chini, «Nenda kanunue nje.» Mzigo utakuwa umerudi kichwani pake kwa mlango wa nyuma, tena usiku. Hospitali za misheni zaweza kuumia kuliko nyingine, kwa kuwa hazitaki kumfukuza mgonjwa, na wenye kuziuzia dawa hawangoji.

Na swali la matajiri, «Tutalipa mara mbili?» nalo lastahili jibu la kweli. Ikiwa sheria ya kazi yabaki ilivyo, na bima ya wote yaongezwa juu yake, tajiri mwaminifu atalipa hospitali na mfuko pamoja, na yule mwenye vibarua wa siku moja hatalipa popote. Hapo sheria ingemwadhibu mwema. Yafaa basi watunga sheria waseme wazi jinsi mchango wa tajiri kwa mfuko utakavyohesabiwa katika wajibu wake wa sasa, na mfanyakazi asipoteze lolote alilokuwa nalo. Wakati huu wa kungoja, matajiri wadogo wasikae peke yao. Sheria yenyewe yawaruhusu kuungana katika huduma moja ya matibabu. Maduka kumi yakiungana, wafanyakazi 20 huwa 200, nao wakapatana na dispanseri moja bei ya kila mtu kwa mwaka, upasuaji mmoja hautaiangusha nyumba ya mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, wasomaji wetu, mtakapoitwa kwenye mkutano wa kuelezwa bima, iwe ya serikali, ya parokia au ya kazini, chukueni maswali matatu. La kwanza: nani atoa fedha, na kwa nyumba yetu ni kiasi gani kwa mwaka mzima? Msikubali kutajiwa bei ya mtu mmoja tu. Zidisheni kwa idadi ya watu wenu. La pili: fedha zatakiwa lini? Mkulima aombe kulipa wakati wa mavuno, mchuuzi aombe kulipa kwa juma. La tatu: tukifika na kadi, tutapata nini, wapi, na ni kiasi gani tutakachoongeza mkononi? Mfuko usioweza kujibu swali la tatu haujawa tayari kupokea fedha zenu.

Na kwa jamaa ambazo baba au mama ana kazi ya mshahara, pana jambo la kufanya juma hili hili. Tazameni kama majina ya watoto wote yameandikwa katika ofisi ya tajiri, hata yule aliyezaliwa mwaka huu. Baba wengi hukumbuka kumwandikisha mtoto siku anapougua, na siku hiyo karani hayupo. Pelekeni hati ya kuzaliwa mapema. Kisha wekeni nyumbani akiba ndogo ya ugonjwa, mbali na fedha za chakula, mama na baba wote wawili wakijua ilipo. Bima hulipa sehemu kubwa; lakini pikipiki ya usiku wa manane hailipwi na kadi.